Bendera Kando ya Jina

Nkwenda,
4 Juni 2025

Kaka Winston,

Shikamoo. Huku hatujambo, mvua imeondoka na vumbi limeshika zamu. Usishangae kuona karatasi. Simu yangu iko kwenye meza ya kamati ya Umoja wetu wa Wauza Maharage, na niliiweka pale mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nitakueleza kwa nini, ila kunywa maji kwanza, maana nakujua wewe na presha yako.

Unajua nagombea uenyekiti wa Umoja. Adelard amekikalia kile kiti mpaka anadhani alizaliwa nacho. Sasa mwezi uliopita niliweka kwenye stetasi yangu ya Wasapu ile bendera ndogo ya Rwanda, ya bluu na njano na kijani yenye jua pembeni, na chini yake nikaandika, "Kesho alfajiri, msichelewe." Basi. Mtu kaipiga picha, kaizungushia duara jekundu, kaandika, "Mgombea wenu huyo, kajitangaza Mnyarwanda." Imetumwa kwenye makundi yote, hata la kwaya.

Kaka, hapa sokoni kila mtu anajua bendera zile ni za nini. Mzigo ukienda Uganda unaweka ya Uganda, ukienda Rwanda unaweka ya Rwanda, ukienda Mwanza unaweka yetu. Wapakiaji hawana muda wa kusoma maneno mengi. Wakiona bendera wanajua wapakie gari lipi. Mtindo huu aliuanzisha Adelard! Wiki ileile yeye aliweka ya Uganda na hakuna aliyemwita Mganda. Hakuna aliyekosea kuisoma bendera yangu. Walichosoma ni jina, Mukandekezi binti Twagirayezu, linalosikika kama la Rwanda.

Kamati ikaniita. Wakasema wanataka amani: niombe radhi, halafu niweke bendera ya Tanzania kando ya jina langu kwenye simu, ikae palepale, "ili wanachama watulie". Nikauliza, na Adelard ataweka? Wakaangaliana. Na Placidia katibu wetu, je? Placidia akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Ndipo nikaibwaga simu mezani. Nikawaambia kaeni nayo, fungueni, someni mpaka mshibe. Bendera siweki.

Sasa wamekuja na jipya. Jumamosi ya tarehe 28 kuna mkutano wa wanachama wote. Wanataka musika wa nyumba ya baba, mrithi wa kiti chake, asimame aseme mimi nimezaliwa wapi na nyumba yetu iko wapi. Asipokuja, jina langu linakatwa kwenye uchaguzi, na uhamiaji watapelekewa habari zangu. Musika ni wewe. Siku ya kuondoa matanga majirani wa Kaisho walikukalisha kwenye kiti cha baba, wakasema mbele ya wote kwamba nyumba ya Twagirayezu sasa inasema kwa kinywa chako. Basi njoo useme. Ni maneno machache tu, kisha nakupikia ndizi na maharage unarudi zako Kayanga.

Barua anakuletea Gharib wa Hiace. Mpe majibu.

Mdogo wako,
Joanitha Mukandekezi


Kayanga,
9 Juni 2025

Mpendwa Joanitha,

Marahaba. Natumaini u mzima na shughuli zako zinaendelea. Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Umefanya vyema kutumia karatasi. Mambo ya aina hii hayafai kupita kwenye simu, na nakuomba tuendelee hivihivi.

Mdogo wangu, nakuandikia kama mtu anayekutakia mema. Weka bendera. Ni kapicha kadogo kuliko punje ya mtama. Haikupunguzii kilo ya maharage, haikutoi damu, na ni bendera ya nchi yako mwenyewe. Aibu iko wapi? Hata mimi nikiambiwa leo niiweke, nitaiweka na kuendelea na kazi. Waswahili walisema funika kombe mwanaharamu apite. Wewe kila ukiona kombe unalifunua.

Umekuwa hivyo tangu utoto. Nakumbuka ulivyokataa kumwomba radhi mwalimu wa Jumapili kwa kosa ambalo hukulifanya, ukasimama juani hadi watu wakatoka kanisani. Baba alicheka, lakini mimi ndiye niliyebeba maji ya kukumwagia kichwani.

Kuhusu tarehe 28, ofisini kwetu tuna ugeni wa wakaguzi na ruhusa hazitolewi. Sitaweza kufika. Naamini ukiweka bendera hawatakuwa na haja ya musika wala ya mkutano.

Jambo dogo: safari nyingine juu ya bahasha andika "Winston" tu, bila jina la pili. Winston hapa niko peke yangu, itanifikia.

Kaka yako akupendaye,
Winston


Nkwenda,
13 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Kombe nimelifunika miaka yote, na mwanaharamu hapiti. Amekaa, kavua viatu, anasubiri chai.

Unaniuliza aibu iko wapi kwenye bendera ya nchi yangu. Wewe unadhani naikataa kwa kuwa siipendi? Timu ya taifa ilipofunga lile bao, niliiweka bendera hiyo mistari mizima hadi watu wa kundi wakaniambia Mukandekezi punguza. Binti yangu alipofaulu kwenda kidato cha tano niliiweka, sijui hata ilihusu nini, moyo ulijaa tu na kidole kikaenda penyewe. Hapo ilikuwa yangu. Sasa Adelard ananiambia niivae kila siku kando ya jina ili watu wasinitilie shaka, na yeye havai. Huko ni kupigwa chapa. Ng'ombe ndiye anayepigwa chapa, ili akipotea ajulikane ni wa nani. Mimi sijapotea, niko sokoni kwangu.

Na nikiiweka leo, kesho wataniambia mbona ni moja, Mtanzania wa kweli huweka tatu. Unacheka? Ngoja uone.

Halafu nikwambie kitu. Juzi nilikuwa Kaisho kwa Cleophace, jirani yetu, kuangalia maharage yake. Nimesimama kwenye mpaka wa kibanja chetu, mgongo kwenye migomba ya baba, simu ya Cleophace ikalia: Karibu Rwanda. Saa nayo ikarudi nyuma saa nzima. Simu inanusa mnara wa ng'ambo ya mto na inaamini umehama. Cleophace akaitukana kwa Kinyambo, akaitia mfukoni. Yeye hajaitiwa mkutano, wala simu yake haijaambiwa ivae bendera.

Sikiliza, sitaki ubishi wa bendera tena. Nataka wewe. Wakaguzi hawakagui Jumamosi, na ruhusa ya msiba mdogo hupatikana. Niombee hivyo, sema dada anazikwa, maana kwa kweli wananizika.

Na usiniite Joanitha peke yake. Baba alinipa majina mawili, na ni lile la pili alilokuwa akiniita akiwa na furaha.

Nimemwomba Shufaa apite ofisini kwako Jumanne akusemeshe uso kwa uso. Unamkumbuka, tulisoma naye Kayanga, sasa ana duka la vitenge karibu na stendi. Yeye kinywa chake ni kitamu kuliko changu.

Mdogo wako,
Mukandekezi


Kayanga,
18 Juni 2025

Bibi wee Mukandekezi,

Assalaam aleikum, hata kama wewe ni wa Kilutheri, salamu haina mlango. Vitenge vyako nimekuwekea, vile vya zambarau, nilimnyima mke wa mchungaji kwa ajili yako.

Shoga yangu, nilikwenda jana kama ulivyonituma. Nilijifunga vizuri, nikafika mapokezi, nikamwuliza yule dada, "Namtaka Winston Twagirayezu." Akanikodolea macho. "Hayupo mtu huyo hapa." Nikamwambia mwanangu, mimi si mgeni wa mji huu, huyu ni mrefu, ana mwanya, akikohoa anafunika mdomo kwa leso nyeupe. Akacheka. "Ah, huyo ni Bwana Rwezaura! Winston Rwezaura."

Wallahi nilidhani kuna Winston wawili wenye mwanya. Mara akatokea yeye mwenyewe na faili kwapani. Aliponiona, uso ulimshuka. Nami jina la baba yenu likiwa bado mdomoni, nikalimeza. Akanishika kiwiko kama anayemtoa mlevi harusini, tukatoka nje hadi uchochoroni. Akaniambia, "Dada Shufaa, nakuomba sana, hapa usilitaje lile jina." Nikamwuliza lipi? Akageuka akarudi ndani. Kwenye kibandiko cha mlango wake pia ni Rwezaura, niliona kwa macho yangu.

Sikujua nikuandikie au ninyamaze. Mume wangu amesema nyamaza, ya ndugu waachie ndugu. Lakini wewe unahesabu mtu huyu atasimama tarehe 28 atamke jina la baba yenu mbele ya soko zima, nami nimemwona anaogopa hata kulitamka uchochoroni. Afadhali ukereke sasa kuliko ukaachwa njiani siku yenyewe.

Na mimi nikwambie la kwangu. Babu yangu alitoka ng'ambo ya bahari, hata Kinyambo alikufa hakijui. Nimekaa Kayanga umri wangu wote na hakuna aliyewahi kuniambia niweke bendera kando ya jina. Nilipoisoma barua yako nilijiuliza kwa nini. Nikaona jibu liko kwenye jina tu, na halikunipendeza.

Wako,
Shufaa


Nkwenda,
19 Juni 2025

Winston,

Rwezaura ni nani?

Jina hilo nalijua. Ni la mzee aliyekushika mkono siku ya ubatizo wako, jirani mwema, Mungu amlaze pema. Lakini hakukuzaa. Hakukubeba mgongoni kutoka Kaisho hadi zahanati usiku ule wa homa. Aliyekubeba amelala kwenye migomba yake na ana jina, na wewe umelifuta kama tope mlangoni.

Ndiyo maana bahasha iandikwe "Winston" tu. Ndiyo maana mimi ni Joanitha. Kumbe tangu barua ya kwanza ulikuwa unanifundisha kujificha, nami nikidhani unanifundisha hekima.

Nimelia, sitakuficha. Nimelia nyuma ya magunia ili wateja wasinione, kisha nikanawa uso nikauza.

Sema kweli sasa. Unakuja au huji?

Mukandekezi


Kayanga,
23 Juni 2025

Mdogo wangu Mukandekezi,

Umetaka kweli.

Mwaka ule wa msako wa wahamiaji haramu tulikamatwa barabarani, watu wengi, tukasimamishwa kwenye mstari. Nilikuwa na fulana na kandambili, nilikwenda kununua sukari. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kijana wa makamo yangu. Aliulizwa jina, akalisema. Lilikuwa kama letu. Akaambiwa apande gari. Alisema kwamba amezaliwa hapa na mama yake yuko pale ng'ambo ya barabara, mnaweza kumwita. Mama alikuwa pale kweli, anapunga kanga. Gari likaondoka naye.

Nikaulizwa mimi. Nikasema, Winston Rwezaura. Nikaambiwa, pita.

Nilipita, na sijawahi kurudi nyuma. Nililifanyia hilo jina taratibu zote za kisheria, kwa hiyo sijaiba cha mtu. Watoto wangu wote wanaitwa kwa jina hilo. Wanakwenda shule, wanasoma, na hakuna aliyewauliza babu yao alivuka mto gani. Sitaomba radhi kwa hilo. Wewe una ujasiri wako na mimi nina wangu. Wangu ni wa kukaa kimya kila siku, na usidhani ni mwepesi.

Nikisimama Nkwenda nikasema mimi ni mwana wa Twagirayezu, simu za soko zima zitanirekodi, na kabla sijafika Kayanga video itakuwa imefika. Mwanangu mdogo ana miaka tisa. Nani atamweleza?

Siji. Weka bendera, nakusihi kwa mara ya mwisho. Au jitoe kwenye uchaguzi, uuze maharage yako kwa amani. Kiti cha uenyekiti si kitu.

Kaka yako,
Winston


Nkwenda,
29 Juni 2025

Winston,

Safari hii sikuamkii, na usidhani ni hasira. Ni utaratibu, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Yule mama wa kanga hanitoki kichwani. Nilitaka kukuchukia nikashindwa. Ningekuwa kwenye ule mstari sijui ningesema nini, na huo ndio ukweli. Lakini hapo ulipoandika kiti si kitu, hapo ulikosea. Kingekuwa si kitu, Adelard asingehangaika hivi kunizuia.

Basi nilikwenda Kaisho kwa Cleophace. Nikamwambia musika haji. Hakuuliza sababu. Jana akapanda gari la ndizi pamoja na majirani wengine, wanaume na wanawake waliokuwepo siku ya kuondoa matanga, wakashuka sokoni wananuka majani ya migomba. Uwanja ulijaa. Adelard alivaa suti.

Cleophace aliposimama kunisemea, Adelard akamkata. Akasema majirani tunawaheshimu, lakini tulikubaliana aje musika, na mila ni mila; nyumba husema kwa kinywa cha musika wake, sasa yuko wapi? Watu wakaguna, maana kwa mila alikuwa sahihi. Alitabasamu. Alijua huji, sijui nani alimwambia.

Nikasimama. Jina lako sikulitaja, wala ofisi yako, wala Kayanga. Nilisema kaka yangu alikalishwa, na kwa sababu zake amekiacha kiti. Kisha nikamgeukia Cleophace, nikamwuliza mbele ya wote: kiti cha musika kikiachwa, kinabaki wazi?

Akafikiri. Unamjua, hasemi kabla hajafuta pua. Akasema, "Hakibaki. Waliomkalisha yule wanaweza kumkalisha mwingine wa damu ile."

Adelard akacheka. "Mwanamke?"

Hapo ndipo alipojimaliza, kaka. Nusu ya Umoja ni wanawake, na wengi wao wamelima vibanja vya baba zao maisha yote kisha wakaambiwa wapishe. Nilisikia zile sauti zikipanda nyuma yangu. Hata Placidia akaweka kalamu chini. Cleophace akasema, "Nani kapalilia ile migomba tangu mzee afe? Nani kajengea kaburi? Mimi nakaa pale pale, nimeona ni nani." Akavuta gunia la maharage ya njano, akalipigapiga likae sawa, akaniambia, "Keti." Nikaketi. Majirani wakaja mmoja mmoja wakanipa mkono kwa mikono miwili, kama walivyokupa wewe.

Kisha Cleophace akaniuliza kwa sauti ya kikao, "Musika wa Twagirayezu, huyu mgombea Mukandekezi ni mtoto wa nani, na amezaliwa wapi?"

Nikajibu nikiwa nimeketi. "Ni wa nyumba yangu. Amezaliwa Kaisho, kwenye kibanja alichozaliwa baba yake, na hapohapo baba yake amezikwa kando ya babu yake. Hajaiba bendera ya mtu na hatavalishwa bendera na mtu. Nyumba imesema."

Adelard akapiga meza, "Anajishuhudia mwenyewe!" Cleophace akamwambia, "Wewe ulitaka musika, tumekuletea musika. Au mila imekushinda?" Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata ng'ambo ya mto walivisikia. Jina langu limebaki kwenye uchaguzi. Kuhusu uhamiaji nimemwambia Adelard awapelekee habari leo hii, na mimi nitawakaribisha kibanjani wayaone makaburi. Kura ni Jumamosi ijayo. Nikishindwa, nitashindwa kwa kura.

Simu wamenirudishia, na chaji imekwisha, kumbe kweli walisoma. Kitu cha kwanza nilichoweka ni bendera ya Rwanda, kwa sababu Jumatatu mzigo unakwenda Rwanda. Kando ya jina langu hakuna kitu. Siku nikishinda huenda nikaiweka yetu, tena nyingi, au nisiweke. Nitaona moyo utakavyosema.

Sasa wewe. Jina la Rwezaura baki nalo, na kwangu halitatoka. Mtu akiniuliza kaka yangu yuko wapi nitasema yuko kazini. Watoto wako ni wa nyumba hii hata kama hawajui, na siku wakitaka kujua, waje, nitawaonyesha alipo babu yao na nitawaambia jina lake polepole hadi walishike. Nakupenda. Hilo sikulisema barua iliyopita na lilipaswa kusemwa.

Lakini musika sasa ni mimi, ndiyo maana sikukuamkia. Mwana wa nyumba huingia kwa baba yake bila kuuliza, akafunua vyungu, akala. Wewe haki hiyo umeiacha kwa hiari yako. Njoo wakati wowote utakao, mchana au jioni, peke yako au na wenzako. Ila ukifika Kaisho, simama nje ya migomba, upige hodi.

Mukandekezi,
musika wa Twagirayezu